Yah: Mafuta ya breki ya Datsun 240Z, yaliyolipiwa bila kubadilishwa

Ndugu Meneja,

Naandika kwa Kiswahili kama tunavyozungumza siku zote hapo gereji kwenu, na naomba barua hii isomwe pia na fundi aliyelishika gari langu.

Nilipoleta Datsun 240Z yangu nilieleza wazi kwamba inakwenda uwanja wa mbio za magari wa Brands Hatch, kule Kent, Uingereza, kwa wikiendi ya klabu yetu, na kwamba itakimbizwa kwelikweli. Niliomba mafuta ya breki yamwagwe yote, yawekwe mapya ya daraja la DOT 4, na upepo utolewe kwenye breki za magurudumu yote manne. Ankara yenu inasema kazi hiyo imefanyika. Nimeilipa yote.

Haikufanyika.

Asubuhi breki zilishika vizuri. Mchana, baada ya mizunguko michache, pedali ilianza kulainika, na nilipoikaribia kona ya Paddock Hill ikazama hadi sakafuni. Kona hiyo inapinda kulia huku barabara ikiporomoka, nawe unaifikia ukitoka kwenye njia iliyonyooka, kasi ikiwa kubwa. Nilipampu pedali, nikashusha gia, lakini gari lilitoka nje likaishia kwenye kokoto. Bampa ya mbele imepinda na bodi chini yake imepasuka. Mimi sikuumia, namshukuru Mungu.

Tulipofungua kopo la mafuta ya breki tulikuta mafuta meusi kama kahawa. Nati za kutolea upepo kwenye ngoma za nyuma zimeshikana kwa kutu, hazina hata alama ya spana. Picha nimeambatisha.

Mhudumu wenu aliniambia kwa simu kwamba breki mlizijaribu zikawa sawa. Mlizijaribu zikiwa baridi! DOT 4 mpya hutakiwa kustahimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Yakishanyonya unyevu, kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Diski za mbele zikipata moto wa uwanjani, mafuta ya aina hiyo huchemka, na kwa kuwa mvuke hubanwa kirahisi, unakanyaga bila gari kushikwa. Zikipoa, pedali hurudi kama hakuna kilichotokea. Fundi wa breki anapaswa kulijua hili kuliko mimi.

Gari hili nalipenda sana. Nimekua nikisimuliwa 240Z ya Edgar Herrmann iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971, na ya Shekhar Mehta mwaka 1973. Nalitunza ili likimbie, na ndiyo sababu sikubahatisha breki: nilizileta kwa watu wanaojiita mafundi wa magari ya zamani.

Sheria ya Haki za Watumiaji ya Uingereza ya mwaka 2015 inataka huduma ifanywe kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Kwa hiyo nadai mnirudishie fedha zote za kazi ya breki, na mlipe gharama za kulivuta gari na kutengeneza sehemu ya mbele. Risiti zimo humu. Nataka pia kujua kwa maandishi nani alitia saini kadi ya kazi.

La haraka kuliko yote ni hili: wapigieni leo wateja wengine ambao fundi huyo aliwaandikia kazi kama yangu, magari yao yakaguliwe kabla hayajaingia barabarani. Fedha zangu nazisubiri ndani ya siku 14. Hilo la wateja halingoji.

Mteja wenu,
Mwenye Datsun 240Z