Mchumba anataka tuonane kabla ya ibada, mama hataki hata kusikia

Shangazi, shikamoo.

Naandika kutoka Nkuhungu, Dodoma. Mungu akipenda naolewa Agosti hii katika Kanisa Anglikana, na matangazo yameshaanza kusomwa. Mchumba wangu ni mtu wa Kilimanjaro, kazi ndiyo iliyomleta huku serikali ilipohamia Dodoma. Hatuna ugomvi. Mahari imekwisha, kamati inakutana, michango inasuasua kama ilivyo ada. Kinachoninyima usingizi ni nusu saa ya asubuhi ya siku yenyewe.

Mpiga picha ametupa ratiba yake. Ibada ni saa 8 mchana. Ikiisha saa 10 kuna kupongezwa nje, picha na kwaya, picha na wakwe, picha na kila shangazi (samahani), kisha msafara na matarumbeta kuzunguka mjini. Agosti jua la huku linazama saa 12 na nusu hivi, na upepo wa kiangazi unaujua, vumbi lile na shela jeupe havipatani. Kwa hiyo anashauri nikitoka saluni tuonane sisi wawili tu, saa 4 asubuhi, kwenye bustani ya hoteli moja Area D. Bwana harusi asimame amenipa mgongo, nimguse bega, ageuke. Apige picha zake, kisha aondoke atuache tuongee.

Mimi niliona ni mambo ya mitandaoni tu. Mchumba ndiye aliyeshikilia, na wala si kwa ajili ya picha. Ni mtu mkimya, macho ya watu yanamtesa. Aliniuliza, "Siku ile tutaongea saa ngapi?" Nikakosa jibu. Nimewauliza dada zangu walioolewa, wote wanasema siku ya harusi hawakuzungumza na waume zao hata kidogo: mara keki, mara zawadi, mara MC anawasimamisha, na walipofika chumbani kila mmoja alikuwa anatafuta pa kuweka miguu iliyovimba. Yeye anataka tusali pamoja kwanza, tucheke kidogo, ndipo twende mbele za watu.

Mama aliposikia aliweka sufuria chini. Akasema mwanaume akishakuona na shela, kanisani anakwenda kutafuta nini? Ni mkosi, ndoa haidumu, na kwetu Wagogo haijapata kutokea. Mama mkubwa, aliyewahi kuwa karani wa mahakama, akaongeza la kwake: Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka tangazo la siku 21 ili mwenye pingamizi ajitokeze, basi mpaka kiapo mimi bado si wa mtu. Sijaelewa hilo linahusiana vipi na kusimama bustanini, lakini mama alilipokea kwa mikono miwili.

Mchumba naye, badala ya kunyamaza, akasema hata hilo shela jeupe si mila ya Wagogo, lilienea baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa nalo mwaka 1840. Mama akamjibu kwamba Victoria hamjui na hakuchangia kitchen party. Tangu hapo wanasalimiana kwa kuinamisha macho.

Nikaenda Mvumi kwa bibi, mama yake mama, nimuulize hiyo mila. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi. Anasema wao walionana kisimani na ngomani, ng'ombe wa mahari wakiwa bado hawajahesabiwa. Mwiko mkali wa enzi zake ulikuwa mkwe wa kiume kukutana uso kwa uso na mama mkwe. "Mwambie mama yako, anayetakiwa kumkimbia huyo kijana ni yeye, si wewe." Na mama huyohuyo kila Jumapili anampakulia ugali wa uwele na mlenda kwa mkono wake!

Sijathubutu kuupeleka ujumbe huo nyumbani. Nadhani mkosi ni maneno tu. Baba alishatutoka, na baba mdogo ndiye atakayenishika mkono kunipeleka mbele. Mama amelipanga jambo hilo tangu siku ya posa: mlango ufunguliwe, kwaya ianze, mkwe wake anione hapo kwa mara ya kwanza, na yeye awe amekaa mbele anamtazama usoni. Tukionana asubuhi, anahisi tumemnyang'anya kitu chake. Hajanitamkia hivyo, ila namjua.

Mchungaji tulimuuliza kwenye semina ya ndoa. Alisema kanisa halina neno, mradi tusichelewe ibada.

Sasa mchumba na wasimamizi wetu wameshapanga tukutane kimyakimya, mama aambiwe tumekwama saluni. Hapo ndipo moyo unakataa. Picha hazifichiki, Shangazi, ataziona, na atajua kwamba siku niliyoondoka nyumbani kwake niliondoka na uongo. Matroni ameleta wazo jingine: tusimame pande mbili za mlango, tushikane mikono, tusali bila kuonana. Mchumba anasema heri kuliko kukosa vyote. Mama bado hajaambiwa hilo.

Mpiga picha anataka jibu wiki ijayo pamoja na malipo ya awali. Nimpelekee mama hilo la mlango nikiwa peke yangu, au niende na mchumba aombe mwenyewe, baada ya lile la Victoria? Na bibi nimwite aje azungumze na binti yake, au nitakuwa nimemshitaki mama kwa mama yake?

Nisaidie, Shangazi.

Bibi harusi mtarajiwa,
Nkuhungu, Dodoma