Godoro nalo lipande mizani kama korosho

Ndugu Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee kuhusu magodoro. Mimi ni fundi seremala, natengeneza vitanda hapa Mtwara mjini, na kila mwaka minada ya korosho ikianza huo mwezi wa 10 na malipo yakishaingia kwa wakulima basi oda zinakuja nyingi, Newala, Tandahimba, Masasi mpaka Nachingwea huko, na kitanda kikitoka kwangu kinaenda kukutana na godoro ambalo mwenyewe kanunua kwa kuangalia maua ya kava na inchi tu. Inaniuma kwa kweli. Kitanda cha mninga kinakaa miaka na miaka, ila godoro la juu yake linabonyea katikati hata msimu mwingine wa korosho haujafunguliwa, baba anaamka kashika kiuno, mama bega halinyanyuki, na mtaani wanapewa ushauri mmoja tu, kanunue gumu kabisa.

Huo ushauri wa gumu kabisa ndo umetuharibia watu wengi. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Hispania ukiongozwa na daktari Francisco Kovacs, walichukua watu wazima 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu yasiyo na chanzo maalumu, wakawagawa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa magodoro magumu na wengine ya ugumu wa kati, bila kuambiwa nani kapata lipi, wakafuatiliwa siku 90. Waliolalia ya ugumu wa kati ndio waliopata nafuu zaidi, maumivu wakiwa kitandani yalipungua, maumivu ya kuamka nayo yalipungua na shughuli za mchana zikawa rahisi kuliko wale wa magumu. Sasa sisi huku mtu akilalamika mgongo tunamwambia atoe godoro alale kwenye sakafu!

Na ukikaa ukatafakari unaona ni kwa nini. Mwili wa binadamu haujanyooka kama ubao, ukilala ubavu bega na nyonga vimetokeza na kiuno kimeingia ndani, kwa hiyo godoro likiwa gumu kabisa uzito wote unaishia begani na kwenye nyonga huku kiuno kinaning'inia hewani usiku kucha, ndo maana mkono unakufa ganzi unajigeuzageuza mpaka asubuhi. Likiwa laini sana nalo nyonga zinazama, mgongo unapinda. La kati linaacha bega lizame kidogo na kiuno kiguswe. Wanaolala ubavu wengi litawafaa hilo la kati lenye ulaini kidogo juu, anayelala chali la kati lenyewe, anayelala kifudifudi aende kwenye ugumu zaidi kidogo sababu tumbo likizama kiuno kinavutika. Na uzito wa mtu unahusika sana, godoro ambalo ni la kati kwa mtu wa kilo 55 kwa mtu wa kilo 95 ni laini, kwa hiyo mke na mume nendeni dukani wote wawili mkalijaribu pamoja, baba asitume tu hela kutoka shamba.

Kulijaribu kwenyewe ndo kazi. Watu wanabonyeza kwa kidole gumba wanasema hili zuri. Kidole sio mgongo jamani. Omba nailoni itolewe, godoro liwekwe juu ya kitu kilicho sawa, ulale mkao unaolalaga nyumbani, tulia dakika 10 au 15. Najua wengi wanaona aibu kulala dukani watu wanapita njiani wanawaangalia, kina mama hasa, nendeni na kanga yenu mtandike mlale, hela ni yenu na mgongo ni wenu. Ukiwa chali pitisha kiganja chini ya kiuno, kikipita bila kugusa popote hilo ni gumu mno kwako, kikigoma kabisa na makalio yamezama hilo ni laini mno, kikipita kwa kusuguana kidogo hapo umefika. Ukilala ubavu mwenzako asimame nyuma aangalie uti wa mgongo toka shingoni mpaka chini kama umenyooka.

Sasa nije kwenye mizani ambayo ndo hasa imenifanya niandike.

Sponji la godoro ni poliyurethani, plastiki iliyogunduliwa Ujerumani na Otto Bayer mwaka 1937, na la godoro linapatikana kwa kuchanganya kemikali mbili na maji kidogo, zikikutana inatoka hewa ya kaboni dayoksaidi inaumua mchanganyiko mpaka unajaa matundu madogo madogo. Mwenye kiwanda akitaka kubana gharama anaumua zaidi, hewa inakuwa nyingi na mali inakuwa kidogo. Kwa macho huwezi kujua, inchi 8 ni inchi 8. Kinachotofautisha ni densiti, yaani kilo ngapi za mali zipo kwenye mita moja ya ujazo. Na watu wanachanganya hapa, densiti na ugumu ni vitu viwili tofauti kabisa. Ugumu unategemea kemikali, wanaupima kiwandani kwa kulikandamiza sponji kwa sahani ya chuma mpaka lishuke asilimia fulani ya unene wake kisha wanasoma nguvu iliyotumika. Kwa hiyo kuna sponji lina densiti ndogo ila limefanywa gumu, dukani unalipenda, likikaa miezi linavunjika matundu na kubonyea pale mnapolala. Na kuna lenye densiti kubwa ambalo ni la ugumu wa kati, hilo ndo la kutafuta, linakaa na umbo lake kwa miaka.

Muuzaji atakwambia hili hai densiti, hili othopedi yaani la kutibu mgongo na mifupa, maneno yamechapwa kwenye kava kwa herufi kubwa. Mwambie alete mizani. Hesabu yake ni rahisi, chukua kilo za godoro zidisha kwa 424, halafu gawanya kwa jibu la futi mara futi mara inchi, unachopata ndo densiti. Mfano godoro la tano kwa sita inchi 8, 5 mara 6 mara 8 ni 240. Likiwa na kilo 14, 14 mara 424 gawanya kwa 240 unapata karibu 25. Likiwa na kilo 9 unapata kama 16 hivi. Hayo magodoro mawili yamesimama pamoja dukani, unene sawa, kava sawa, na unaweza ukakuta bei imepishana kidogo tu. Kava nalo lina uzito wake kwa hiyo punguza kidogo kwenye kilo. Mimi kwa mtu mzima anayelalia kila siku simshauri chini ya 20, na kwa mke na mume naona waanzie 25 kwenda juu, kama hela haitoshi bora mpunguze inchi kuliko kupunguza densiti, inchi 6 ya mali nzuri itamshinda inchi 10 ya hewa.

Ila mizani peke yake isiwafumbe macho. Kuna sponji linajazwa unga wa mawe ya chokaa wakati wa kutengenezwa ili lipate uzito, la namna hiyo linakatika kirahisi ukilivuta pembeni, na ukilibonyeza kwa ngumi ukaachia linarudi kwa uvivu. Na kuna magodoro ya vipande, mabaki ya sponji yamesagwa yakagandishwa kwa gundi, hayo ni mazito kweli na ni magumu hasa, wengi ndo wanauziwa kama dawa ya mgongo. Fungua zipu uangalie, ukikuta rangirangi za vipande ujue ni hilo. Kuliweka chini kabisa kama msingi na juu yake sponji zuri laini kidogo inawezekana, ila kulilalia lenyewe mifupa inaumia. Muuzaji akikataa zipu isifunguliwe, aga vizuri uende duka la jirani.

Ndugu mhariri, mkulima wa korosho huku kwetu anajua maana ya kupimwa. Mzigo wake ukifika AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, unapimwa kilo, unakaguliwa unyevu, unapangwa daraja la kwanza au la pili, toka stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuweka korosho ghalani kwa risiti mpaka mnada, ianze mwaka 2007 watu wamezoea kukaguliwa hivyo na kangomba, yaani ulanguzi wa korosho nje ya ushirika, tunaipiga vita kila msimu sababu inampunja mkulima kwa kipimo kisicho halali. Hela ileile iliyotoka kwenye mizani inaenda kununua godoro lisilo na kilo, lisilo na densiti, na mtu harudi tena dukani maana risiti hakupewa. Mteja wangu mmoja kutoka Tandahimba aliuziwa godoro la inchi 10 kwenye duka fulani, alipolileta kulipimishia kwenye kitanda tukaweka rula ikasoma inchi 8 na nusu. Alikuwa na kila haki ya kurudi ila hakuwa na karatasi yoyote mkononi. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iandikwe ukubwa na unene wa godoro, hata kama foleni ni ndefu.

Kitu kingine ni joto letu. Pwani hii kuanzia Kilwa mpaka Msimbati joto na unyevu vinalegeza sponji, godoro ulilojaribu asubuhi duka lina feni litakuwa laini zaidi usiku chumbani mwako, kwa hiyo mkibaki njia panda kati ya mawili chukueni lile lililo gumu kidogo. Memori fomu, sponji linalobonyea taratibu kufuata umbo la mwili, inasifiwa sana siku hizi, asili yake ni shirika la anga la Marekani NASA miaka ya 1960, lakini lenyewe linalainika kwa joto la mwili na linatunza joto, kwenye chumba cha bati bila feni mimi simshauri mtu. Mabibi zetu walilalia magodoro ya sufi, yalikuwa na baridi yake na yalianikwa juani yakaumuka tena. Sponji usilianike juani likiwa uchi, jua linalifanya njano na kulichakaza, lisimamishe kivulini penye upepo na kava lake.

Na chini yake pawe na hewa. Chaga zangu naziacha nafasi isiyozidi inchi 3, zikiachana sana sponji linaingia kwenye mapengo na hata godoro zuri litaonekana bovu. Wanaotandaza plaiwudi nzima juu ya chaga watoboe matundu, na wanaolaza godoro sakafuni kipindi cha mvua kuanzia Desemba mpaka Aprili walinyanyue kila asubuhi, vinginevyo ukungu utaota upande wa chini mtu hajui.

Watoto wachanga nawatoa kwenye haya maneno ya ugumu wa kati, mtoto mchanga alale sehemu ngumu na tambarare, bila mto, alazwe chali, sponji laini linaweza kumziba pua. Na mtu ambaye mgongo unaambatana na miguu kufa ganzi au kukosa nguvu, au aliyeanguka mkorosho, huyo aende hospitali kwanza, hela ya godoro isubiri.

Ombi langu kwa wenye maduka ya magodoro Mtwara na Lindi ni dogo, wekeni mizani moja dukani, ya kuning'iniza inatosha, na godoro moja la kila aina bila nailoni watu walale wajaribu. Wakala wa Vipimo wanapopita kukagua mizani za korosho kabla ya mnada waingie na kwenye maduka haya na futi yao wapime inchi zilizoandikwa, na TBS, shirika letu la viwango, wahimize densiti na ugumu viandikwe kwenye lebo kwa Kiswahili, kwa namba sio kwa sifa. Msimu unakaribia, lori za magodoro kutoka Dar zitaanza kuingia, huu ndo wakati wa kufanya hivyo kabla wakulima hawajalipwa.

Fundi vitanda,
Mtwara Mjini.