Bagamoyo kwa miguu: kutoka bara hadi pwani

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na natumaini wewe na jamaa nyumbani mu wazima. Barua yako ilinikuta nimerejea kutoka Bagamoyo siku mbili tu zilizopita, nayo ikiniuliza mahali pa kuanzia matembezi ya kuuona mji ule wa kale.

Wageni wengi huanzia ufukweni kwa sababu ya uzuri wake. Nami nilifanya hivyo safari ya kwanza, nikarudi na picha nyingi bila kuelewa kwa nini majengo yamekaa yalivyokaa. Safari hii nilianzia upande wa bara nikashuka kuelekea baharini, kama walivyoingia wapagazi wa karne ya 19, na mji ule mdogo ukanifungukia.

Kwa hiyo nakusihi uanzie Karavanserai, palipokuwa kituo cha misafara, na usiondoke upesi. Simama katikati ya ua wake ukimfikiria Mnyamwezi aliyetoka Tabora akiwa amebeba mzigo wa frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, akautua mahali kama hapo baada ya wiki nyingi za njia. Wapo wasemao kwamba jina la mji ni neno la mpagazi kama huyo, aliyeubwaga moyo kwa faraja ya kufika. Wengine husema ni la mtumwa, aliyeuacha moyo wake nchi kavu kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Mimi sioni haja ya kuchagua, kwa maana wote wawili walipita njia hiyohiyo.

Kutoka hapo ufuate Mtaa wa India, wenye milango ya nakshi na nyumba za mawe za wafanyabiashara, baadhi zikiwa zimebaki kuta tupu zilizoota mizizi, jambo lililonisikitisha sana. Boma la Wajerumani la mwaka 1897 utaliona bila kulitafuta. Ukilitazama, kumbuka kwamba lilijengwa baada ya makao makuu ya utawala wao kuhamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891, kwa kuwa maji ya Bagamoyo ni ya kina kifupi na meli kubwa hazikuweza kukaribia. Naamini kina hicho kifupi ndicho kilichouacha mji ukiwa mdogo kiasi cha kuzungukika kwa miguu. Ukifika ufukweni maji yakiwa yamekupwa, utaona mwenyewe jinsi bahari inavyorudi mbali. Hapo pwani pia pana mnara wa kumbukumbu ya mashujaa walionyongwa na Wajerumani. Nilikaa kimya mbele yake kwa muda mrefu.

Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868 na iliyokuwa na kijiji cha watumwa waliokombolewa, iache iwe ya mwisho. Iko kaskazini mwa mji, na njia yake ina miembe mikubwa yenye kivuli. Mnara wa kanisa la kwanza umepewa jina la Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, ambaye mwili wake ulilazwa hapo Februari 1874, lakini mimi niliwafikiria zaidi watumishi wake Susi na Chuma, waliouleta pamoja na wenzao kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, kwa safari ya miezi ipatayo tisa. Moyo wake walikuwa wameuzika kulekule Chitambo chini ya mti, hivyo kilichofika katika mji wenye jina hili kilikuwa mwili usio na moyo. Niliposimama chini ya mnara ule, wazo hilo lilinilemea, na ndiyo sababu nataka tuurudie pamoja.

Ukipata nafasi, nijulishe mapema nitazame siku ambayo maji yatakupwa asubuhi. Nitakungoja Karavanserai saa moja, kabla jua halijawa kali.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.