Mwani ni wa kuliwa pia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mwani mwekundu wa bahari za joto, hasa ule unaojulikana sokoni kwa jina la kotonii. Wengi huudhani ni malighafi ya viwandani tu, kwa sababu karagini, yaani kigandishi kinachotolewa humo, ndiyo inayoipa aiskrimu ulaini na kuzuia dawa ya meno isijitenge. Anayesoma maandishi madogo ya pakiti huikuta imeandikwa E407. Lakini Ufilipino, kilimo chake kilikoanzia, watu huula mwani wenyewe, nami sioni kwa nini ni lazima upitie kiwandani kwanza.

Mwani mbichi huoshwa mara kadhaa hadi mchanga na chumvi vitoke, kisha huchovywa kwa muda mfupi sana katika maji yanayochemka, na hapo rangi yake hugeuka kuwa kijani mbele ya macho ya mpishi. Huepuliwa upesi, ukingali mgumu kidogo wa kutafunika, ndipo hutiwa siki na vitunguu. Ukichemshwa mno huyeyuka, jambo ambalo ni hasara kwa kachumbari lakini ni heri kwa apendaye vitu vitamu, maana rojo hilo likitiwa sukari na kuachwa lipoe hujigandia lenyewe.

Ladha yake, nakiri, ni hafifu. Utamu umo katika kuutafuna. Mwenye maradhi ya tezi ya shingo amuulize daktari kwanza, kwa kuwa mwani una madini ya iodini.

Msomaji wako