Vyuo vikuu waanzie maabara, sio kwenye stika

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme kuhusu hii habari ya vyuo vikuu kujiita vya kijani. Kila mwaka wanapanda miti, wanapiga picha, wanabandika stika za "zima taa" kila swichi, halafu usiku ukipita unakuta ukumbi mzima unawaka na hamna mtu hata mmoja ndani.

Sawa, taa za LED ni nzuri, wafunge tu yaishe. Ila umeme mwingi unaliwa na viyoyozi na maabara, na huko hakuna anayegusa. Yale mafriza ya kuhifadhia sampuli yanawekwa nyuzi -80 kwa mazoea tu, wakati sampuli nyingi zinakaa vizuri kwenye -70, na hiyo tofauti ya nyuzi 10 inaweza kupunguza umeme wa friza kwa karibu asilimia 30, bila kununua kitu chochote! Na zile kabati za kunyonya hewa yenye kemikali, kioo kikiachwa wazi feni inaendelea kutupa nje hewa ambayo kiyoyozi kimeshahangaika kuipoza, yaani chuo kinapoza mtaa.

Halafu kuna bili. Inalipwa na utawala, idara haioni hata tarakimu moja, sasa nani atajali? Kila jengo lifungiwe mita yake na matumizi yabandikwe mlangoni kila mwezi, wanafunzi wenyewe watawasumbua wakuu wa idara.

Msomaji wenu,
Mwanafunzi wa uzamili