Mafuta hayana miche: barua ya fundi wa vibao Kigoma

Mhariri,

Hivi karibuni mlichapa barua ya msomaji aliyepita Kigoma akarudi kwake na hasira juu ya Kiingereza cha vibao vyetu. Alisema mafundi wa vibao ni watu walioshindwa shule. Mimi ni mmoja wao. Shule sikushindwa, nilikosa ada, ila hilo tuliache. Nataka kumwonyesha kosa lenyewe linakaa wapi, maana mimi nimelilipia.

Nina kibanda Mwanga, si mbali na soko, na naandika kwa brashi tangu mashine za kuchapa mabango hazijafika huku. Mnajua kwamba tangu mwaka 2018, serikali ilipoanza kuhimiza michikichi mkoani kwetu, miche imekuwa biashara ya kueleweka. Basi mama mmoja wa Gungu anayeotesha miche aliniletea karatasi aliyoandikiwa na mpwawe. Juu Kiswahili, chini Kiingereza: "Palm oil seedlings". Nikapima herufi kwa penseli, nikapaka nyekundu juu ya bati jeupe, kivuli cheusi upande wa kulia. Kilipendeza. Siku ya tatu bwana shamba akapita, akasimama kukisoma, akamuuliza: "Mama, siku hizi mafuta nayo yana miche?"

Mama akanijia kibao kikiwa kichwani. "Fundi, umenifanya nichekwe." Nikamwambia, mama, nimeandika kilichokuwa kwenye karatasi. Akasema karatasi ni ya mtoto, fundi ni wewe. Elfu kumi na tano niliyokuwa namdai ikalala.

Jioni nikaenda Ujiji kwa mwalimu mstaafu niliyemwandikia kibao cha duka lake. Hakucheka. Akachukua kipande cha chaki akaandika mlangoni "palm oil", chini yake "oil palm". Maneno yale yale mawili. Fungu la juu ni mawese, la chini mchikichi. "Neno la mwisho hapo juu ni lipi?" Oil, mwalimu. "Basi hayo ni mafuta. Lililotangulia linakwambia mafuta gani tu." Nimesoma Kiingereza miaka minne ya sekondari kabla ya ada kukatika, na sikumbuki kuambiwa jambo hilo hata siku moja. Nilichokumbuka ni jina tu la fungu la maneno kama hilo linalotaja kitu pamoja na sifa zake: kirai nomino. Tulichora matawi yake ubaoni kama mti wa ukoo.

Mwalimu akanipa na kipimo cha kujua kirai kimeanzia wapi na kuishia wapi. Chukua sentensi "The old fisherman from Katonga sold my uncle's net". Futa maneno matano ya mwanzo uweke "he", futa matatu ya mwisho uweke "it". Sentensi bado imesimama. Lakini ukifuta "fisherman" peke yake ukaweka "he", unabaki na "the old he from Katonga", maneno ambayo hayasemwi na mtu yeyote. Kwa hiyo mvuvi, uzee wake na Katonga yake wanahesabiwa kitu kimoja.

Sisi kwetu kitu hutangulia, sifa zake zikafuata nyuma. Na tuna jambo la ziada ambalo Waingereza hawana: viambishi vinatuonyesha nani ni wa nani. Nenda mwaloni Kibirizi useme "kikapu cha samaki kikubwa", kila mtu anajua ukubwa ni wa kikapu. Ukisema "kikapu cha samaki mkubwa", umemsifu samaki. Kiingereza kinasema "big fish basket" na kukuacha ukikisia, labda mwandishi akukumbuke kwa kistari katikati ya "big" na "fish". Kwa kuwa hakina viambishi hivyo, kinategemea nafasi. Neno likihama kiti, maana nayo inahama.

Ushahidi kwamba tatizo ni la mazoea ya lugha yetu, si la ujinga, ni neno gesti. Waingereza wanasema "guest house", nyumba ya wageni, na neno lenye nyumba liko mwisho. Sisi tulipolikata tukabakiza la mbele, tukaipa nyumba nzima jina la mgeni. Leo unasema "nimelala gesti" na hakuna anayeshtuka. Masikio yetu yalidhani bwana wa fungu ni yule anayetangulia. Yule mpwa wa Gungu alifanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba yeye alikutana na bwana shamba.

Sasa msomaji wenu asije akadhani neno la mwisho ndilo kitu siku zote. Likiingia "of" au "for" au "with", kitu kinarudi mbele. Hapo ndipo ninapokiheshimu Kiingereza. Sokoni kwetu ukisema "niletee dumu la mafuta", unaweza kuletewa lililojaa au tupu lenye harufu, halafu mkaanza kugombana. Wenzetu "a can of oil" ni lenye mafuta ndani, na "an oil can" ni chombo chenyewe, hata kikiwa kikavu. Nimeshaandika vibao viwili vya wauza madumu na vyote nilivibadilisha kabla rangi haijagusa bati.

Wingi nao una mambo yake. Duka lina viatu mia, lakini ni "shoe shop", kiatu kimoja tu, na dumu la lita ishirini ni "twenty-litre can", lita haiongezwi s. Halafu "clothes shop" inakaidi. Sijui niseme nini, hata mwalimu alinyanyua mabega.

Ombi langu, mhariri, ni kwenu. Safu yenu ya kujifunza Kiingereza inatuletea orodha ya maneno ishirini kila wiki, na mimi huikata nikaibandika kibandani. Safari moja tuleteeni maneno mawili mawili yanayobadilishana viti: "boat house" na "houseboat", "bus station" na "station bus". Vijana wanaowaandikia shangazi zao karatasi watanufaika kuliko kwa ile michoro ya matawi. Na yule msomaji mwenye hasira, akipita tena, anione kabla hajaenda kupanda treni.

Kibao cha Gungu nilikirudia bure, bati upande wa pili: "Tenera oil palm seedlings". Kisome kutoka nyuma utapata miche, ya mchikichi, aina ya Tenera, sawasawa na Kiswahili kilichoandikwa juu yake ila kimegeuzwa. Mama alikikagua na mpwawe, kisha na bwana shamba, ndipo akatoa elfu kumi. Tano bado namdai.

Fundi vibao,
Mwanga, Kigoma