Mheshimiwa Waziri, tumehamishwa na minyoo yetu ila kwenye orodha hatumo

Mheshimiwa Waziri wa Afya, shikamoo.

Mimi ni mgawa dawa wa kujitolea kwenye kijiji kipya, vile vya watu waliohamishwa kupisha bwawa. Cheo sina, nina fimbo ya kupimia urefu na daftari basi. Naandika hapa hadharani sababu barua zangu mbili za kawaida ziliishia mapokezi.

Iko hivi mheshimiwa. Tulipogawa dawa za kichocho ripoti ilitoka kwamba tumevuka asilimia 100 ya walengwa, kikaoni watu wakapiga makofi, mimi nikabaki najiuliza hiyo mia na ushee inatokea wapi, kumbe hesabu ya watu waliyotumia ni ya kabla sisi hatujaletwa. Yaani vidonge tumemeza ila kwenye makaratasi hatupo. Halafu walipokuja wa kupima maambukizi wakachagua shule kutoka orodha ileile ya zamani, kwa hiyo shule yetu isingeokotwa hata kwa bahati nasibu.

Na huku kuna kazi. Mfereji wa umwagiliaji unapita nyuma ya nyumba, maji yametulia, ukigeuza jani unakuta konokono, hao wanaobeba vimelea vya kichocho, wamejibandika, na watoto wanashinda humo. Juzi mtoto wa jirani kakojoa pembeni ya mfereji, mwisho wa mkojo ikatoka damu, wenzake wakacheka eti kashakuwa mkubwa. Namwambia mama yake ananijibu mbona wote wanakojoa hivyohivyo.

Sio mambo mageni haya. Senegal walimaliza bwawa la Diama 1986, kufika 1988 kichocho cha tumbo kikaonekana mji wa Richard-Toll ambako hakikuwa kinajulikana, miaka miwili tu! Sasa sisi tunasubiri nini kupimwa?

Kuna lingine ambalo naona wapangaji wanalisahau, mtu akihama anahama na minyoo yake. Baadhi yetu tumetoka bonde lenye usubi, ule ugonjwa wa minyoo ya ngozi na macho unaoletwa na inzi wadogo wa mtoni, kule walikuwa wanameza ivamektini kila mwaka, huku wilaya haimo kwenye mpango wa usubi basi dawa imekatika. Na ivamektini inaua vile viminyoo vichanga, ile mikubwa haifi, inaweza kukaa mwilini miaka 10 mpaka 15 inaendelea kuzaa, ndio maana ilikuwa inarudiwa kila mwaka. Kuna mzee hapa anajikuna mgongo kwenye nguzo ya mlango wake mpaka nguzo imeng'aa, ukiniuliza yuko chini ya mpango upi sina jibu.

Siombi jengo. Vijiji vya waliohamishwa vihesabiwe upya, na wakati wa kuchagua sampuli viwekwe kama kundi lao peke yao, mkituchanganya na wenyeji wastani utatumeza. Tupimwe mwaka wa kwanza. Na daftari liongezwe swali moja tu, ulitoka wapi na kule ulikuwa unameza dawa gani. Muongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2022 unasema maambukizi yakifika asilimia 10 apewe kila mtu kuanzia miaka 2, sisi bado tunagawia wanafunzi tu maana hiyo 10 hakuna aliyekuja kuitafuta huku. Wanaosimama kwenye maji ya mashamba kutwa nzima nawapita, wanawake wanaofua nawapita, na humo kuna wanaotokwa damu wakaambiwa ni magonjwa ya zinaa wakati kichocho nacho kinashambulia kizazi (hilo peke yake lingetosha barua nyingine).

Ukimtuma mtu tafadhali mwambie asije alfajiri akakusanya chupa haraka akaondoka. Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Daftari nitakuwa nalo, na watoto nitawatoa mferejini mwenyewe.